Mwongozo kamili: kulinganisha deki za CD-i, CDTV, CD32 na 3DO kabla ya kutoa pesa

Kosa ni moja na linajirudia. Mtu anaona deki mbili za mtumba, moja ya Philips na nyingine ya Commodore. Anatafuta karatasi za sifa, anakuta megahezi 15 huku na 7 kule, basi anachukua yenye namba kubwa. Mzigo ukifika, filamu aliyoitaka haichezi, au inacheza bila rangi, au trei imegoma kutoka.

Mwongozo huu unahusu deki za diski za miaka ya 1991 hadi 1994, zile zilizouzwa zikae sebuleni chini ya televisheni na kucheza muziki, picha, michezo na filamu. Nne ndizo zinazoonekana sana sokoni: Philips CD-i, Commodore CDTV, Amiga CD32 na 3DO. Utazilinganisha kwa kuanzia kwenye diski, kisha njia ambayo data hupita kutoka kwenye diski hadi kwenye kioo. Megahezi utazigusa njiani, lakini hazitakuamulia chochote.

## Vitu vya kuwa navyo

- Diski unazotaka kucheza. Kama huna bado, picha za mbele na nyuma za makasha yake.
- Kompyuta yenye kisomaji cha CD.
- CD ya muziki ya kiwandani yenye dakika 60 au zaidi, isiyo na mikwaruzo. Ya kuchoma nyumbani haifai kwa kipimo hiki.
- VCD (Video CD, diski ya filamu) moja, kama filamu ndilo lengo lako.
- Televisheni yenye tundu za njano, nyekundu na nyeupe, pamoja na waya wake.
- Multimita, bisibisi ya nyota na tochi.
- Vijiti vya pamba na spiriti ya isopropili ya asilimia 90 kwenda juu. Spiriti ya kawaida ya dukani mara nyingi ina maji mengi na huacha ukungu juu ya lenzi.
- Transfoma ya kushusha umeme, kama deki inatoka Marekani au Japani.
- Simu kwa ajili ya kuhesabu sekunde, na karatasi iliyochorwa safu nne, kila deki na safu yake.

## Hatua ya 1: Itambue diski kwanza

Diski zote hizi zina kipenyo kilekile cha sentimita 12 na zinang'aa vilevile. Ndani zimepangwa tofauti, na hapo ndipo pesa nyingi hupotea.

Tia diski kwenye kompyuta na utazame faili zake.

Ukiona faili la CDTV.TM au CD32.TM, diski ni ya Commodore. Deki hulitafuta faili hilo kabla ya kuanza. CD32 hucheza diski nyingi za CDTV, ingawa si zote. Diski iliyotengenezwa kwa CD32 usiitarajie kwenye CDTV.

Ukiona folda za MPEGAV na VCD, hiyo ni VCD, na filamu yenyewe imo kwenye faili kama AVSEQ01.DAT. Usiishie hapo. Angalia kama kuna folda iitwayo CDI yenye faili ndani yake. Deki ya CD-i haiichezi VCD yenyewe kwa yenyewe: huanza kwa kuendesha programu ndogo iliyowekwa katika folda hiyo. VCD iliyochomwa nyumbani bila programu hiyo itacheza kwenye deki ya kawaida ya VCD na kugoma kwenye CD-i, hata kama CD-i ni nzima na ina kadi ya video.

Ukiona diski tupu au ujumbe wa hitilafu, huenda ni diski ya CD-i halisi au ya 3DO. Kila moja ina mpangilio wake wa faili ambao kompyuta ya kawaida haiutambui. Usidhani imeharibika. Soma nembo iliyochapwa juu yake.

Kuna mtego mmoja zaidi kwa wapenzi wa filamu. Filamu za kwanza za Philips za 1993 zilipangwa kwa utaratibu wa CD-i wenyewe, kabla ya ule wa VCD kushika. Deki ya VCD haizisomi. Kwa hiyo neno filamu juu ya kasha halitoshi; tazama nembo ni ya CD-i au ya Video CD.

Ukimaliza hatua hii, kila diski yako iwe imeandikwa kwenye karatasi chini ya deki inayoweza kuisoma. Safu isiyo na diski hata moja ifute. Watu wengi hubakiwa na safu mbili hapa hapa, na kazi iliyobaki huwa nyepesi.

## Hatua ya 2: Jaza sifa za msingi

Andika hivi kwenye safu zako:

Philips CD-i (CDI 910, 205, 210, 220, 450 na nyinginezo). Prosesa SCC68070 ya kama megahezi 15. RAM megabaiti 1. Kisomaji cha kasi moja, yaani kilobaiti 150 kwa sekunde. Picha ya kawaida kwa PAL (mfumo wa televisheni wa Ulaya na Afrika Mashariki) ni nukta 384 kwa 280, na ya juu kabisa 768 kwa 560. Kumbukumbu ya kuhifadhi kilobaiti 8. Filamu ya MPEG-1, yaani iliyobanwa kama ile ya VCD, huhitaji kadi ya ziada.

Commodore CDTV (1991). Prosesa 68000 ya megahezi 7.09 kwa PAL na 7.16 kwa NTSC (mfumo wa televisheni wa Marekani na Japani). RAM megabaiti 1. Kasi moja. Rangi 4,096. Sauti ya njia nne za biti 8, mbali na muziki wa CD wenyewe. Haina njia ya MPEG. Diski huingizwa ikiwa ndani ya kasha la plastiki.

Amiga CD32 (1993). Prosesa 68EC020 ya megahezi 14 na ushei. RAM megabaiti 2. Kasi mbili. Rangi 256 kwa wakati mmoja kutoka katika rangi milioni 16.7, na zaidi kwa njia maalumu ya kuonyesha picha. Kumbukumbu ya kuhifadhi kilobaiti 1 isiyotegemea betri. MPEG-1 kwa kipande cha kuchomeka nyuma.

3DO (Panasonic FZ-1 ya Oktoba 1993, kisha FZ-10, pamoja na za Goldstar na Sanyo). Prosesa ARM60 ya megahezi 12.5. RAM megabaiti 2 na nyingine 1 ya picha. Kasi mbili. Kumbukumbu ya kuhifadhi kilobaiti 32. Kipande cha VCD kilitengenezwa kwa FZ-1.

Sasa rudi kwenye zile megahezi. Ile SCC68070 ya CD-i inaelewa lugha ileile ya 68000, lakini amri nyingi huichukua mizunguko mingi zaidi kuzimaliza. Megahezi 15 zake kwa hiyo si mara mbili ya 7 za CDTV. ARM60 ya 3DO nayo iko chini ya CD32 kwa namba, lakini humaliza amri nyingi kwa mzunguko mmoja, na ina chipu mbili pembeni zinazochora picha ili yenyewe isichoke. Ukilinganisha prosesa za familia tofauti kwa megahezi, unalinganisha punda na baiskeli kwa idadi ya miguu.

## Hatua ya 3: Geuza namba ziwe sekunde

Hii ndiyo hatua inayorukwa na karibu kila mtu, na ndiyo inayoeleza mengi. Kila kitu utakachoona lazima kipite kwenye jicho la leza. Basi hesabu.

Muda wa kujaza kumbukumbu. Megabaiti 1 ni kilobaiti 1,024. Gawanya kwa 150, unapata karibu sekunde 7. Huo ndio muda ambao CD-i au CDTV itakaa kimya ikilazimika kujaza RAM yote. CD32 yenye megabaiti 2 na kasi mbili: 2,048 kwa 300, karibu sekunde 7 vilevile. 3DO yenye megabaiti 3 kwa jumla: sekunde 10 na kidogo. Tazama hapo: kasi mbili haikupunguza kusubiri, kwa sababu na debe la kujazwa limekua. Ulichopata ni mchezo wenye vitu vingi zaidi kila unapofunguka.

Picha zinazotembea bila MPEG. Picha moja ya CD-i ya nukta 384 kwa 280, baiti moja kwa nukta, ni baiti 107,520. Diski huleta vipande 75 vya data kwa sekunde, na kipande cha picha hubeba baiti 2,324, jumla 174,300. Picha moja kamili inachukua zaidi ya nusu sekunde. CDTV kwa picha ya rangi nyingi ya 320 kwa 256 inahitaji baiti 61,440, kwa hiyo hupata picha mbili na nusu kwa sekunde. Punguza dirisha liwe 160 kwa 128, unafika picha kumi. Ndiyo maana filamu za CDTV huwa kijidirisha kidogo katikati ya kioo. Hiyo si hitilafu, usimpelekee fundi.

3DO ina hesabu nzuri ya kukariri: picha ya 320 kwa 240 kwa biti 16 ni baiti 153,600, kiasi kilekile ambacho kisomaji cha kasi moja huleta kwa sekunde nzima. Kwa kasi mbili ni picha mbili tu kwa sekunde. Michezo ya 3DO yenye filamu ndani yake hubana picha, na prosesa huzikunjua. Ubora wake hutofautiana sana kati ya diski na diski, kwa hiyo usiihukumu deki kwa mchezo mmoja.

Sauti. Hapa CD-i inastahili kusifiwa kuliko inavyosifiwa. Muziki wa CD wa kawaida hula vipande vyote 75 vya kila sekunde, na leza haina nafasi ya kuleta kitu kingine. CD-i ina ngazi tatu za sauti iliyobanwa. Ngazi A ya stereo hula nusu ya vipande, ngazi B robo, ngazi C thumuni. Ikipiga stereo ya ngazi B, vipande 56 vinabaki kwa picha na maandishi. Vyote vimesukwa pamoja kwenye diski kama ukili, na deki huvitenganisha vikiwa safarini. Ndiyo maana msimulizi wa diski ya mafunzo ya CD-i huendelea kuongea picha zikibadilika, bila kukatika.

CDTV na CD32 hazina mfumo huo ndani ya vyuma vyake. Zikipiga wimbo wa CD, leza imeshikwa; zikihitaji data, wimbo unakatika. Watengenezaji walikwepa kwa kupakia sauti kwenye RAM mapema, na sauti hiyo hula RAM ileile ya picha.

Mwisho wa hatua, andika kwa kila safu: sekunde za kusubiri, filamu kamili au kijidirisha, sauti pamoja na picha ndiyo au hapana. Mistari hiyo mitatu ina thamani kuliko karatasi nzima ya sifa.

Kuhusu Tandy VIS ya 1992, yenye prosesa ya 80286 ya megahezi 12 na RAM megabaiti 1: huhitaji hesabu. Diski zake ni chache. Pioneer LaserActive ya 1993 ni jambo jingine, ni deki ya diski kubwa za leza inayopokea vipande vya Sega na NEC kwa gharama ya ziada. Vipande hivyo vimejaa kapasita ndogo (vijenzi vya kushika chaji ya umeme) zinazovuja. Usiiguse kama huna fundi wa kuaminika.

## Hatua ya 4: Hakikisha kadi ya MPEG

VCD huhitaji takriban baiti 144,000 za picha kwa sekunde, na kisomaji cha kasi moja kinatosha. Kwa hiyo kasi mbili haikusaidii chochote kwenye filamu. Kinachohitajika ni chipu ya kukunjua MPEG-1, na kwenye deki zote nne chipu hiyo haiji na mashine ya kawaida.

Kwa CD-i, kadi inaitwa Digital Video Cartridge. Huingia nyuma au chini, kulingana na modeli. Zipo zaidi ya aina moja: 22ER9141 na 22ER9956 ndizo zinazoonekana sana. Hazibadilishani kwenye kila deki. Mwombe muuzaji picha ya tundu likiwa wazi na picha ya namba ya kadi, kisha ulinganishe na modeli yako kamili, pamoja na tarakimu zilizo baada ya mkwaju, kwa mfano 210/00. Hizo tarakimu za mwisho ndizo zinazowaponza watu.

Kadi hiyo pia huongeza RAM, na baadhi ya michezo ya CD-i haianzi bila hiyo. Tazama nembo ya Digital Video kwenye kasha la mchezo.

Tahadhari: tundu lenye kifuniko si ushahidi kwamba ndani kuna kadi. CDI 450, kwa mfano, iliuzwa ikiwa na tundu tupu. Kwa CD32, kipande cha MPEG ni adimu, na bei yake huweza kushinda ya deki yenyewe. Kama lengo lako ni VCD tu, CD-i ambayo tayari ina kadi ndiyo njia fupi kuliko zote. Kwa kweli, deki yoyote ya kawaida ya VCD ni fupi zaidi, lakini huenda si hiyo iliyokuleta hapa.

Kipimo cha mafanikio: VCD ikianza, picha inajaa kioo na inatembea laini kwa dakika tano bila kugandaganda.

## Hatua ya 5: Betri iliyofichwa

Hifadhi ya CD-i hushikiliwa na chipu moja, mara nyingi M48T08 yenye miguu 28, na betri imo ndani ya chipu yenyewe. Huwezi kuibandua kama betri ya saa. Chipu hizi zina zaidi ya miaka thelathini na nyingi zimekufa.

Dalili: deki husema kumbukumbu imejaa wakati hujahifadhi kitu, tarehe hurudi nyuma kila ukizima, au deki haianzi kabisa. Hiyo ya mwisho huwafanya watu wabadilishe leza nzima bure.

Njia mbili za kurekebisha:

1. Kung'oa chipu na kuweka mpya. Ikiwa imechomekwa kwenye soketi ni kazi ya dakika tano. Ikiwa imelehemiwa mpe fundi, miguu 28 si ya kujifunzia. Soma tarakimu nne za tarehe juu ya chipu unayonunua: 9412 ni wiki ya 12 ya mwaka 1994. Chipu isiyotumika lakini ya zamani haifai, betri imezeeka stoo.
2. Kuchimba kifuniko cha chipu, kukata njia ya betri ya zamani na kuunganisha nje betri ya CR2032 ya volti 3 kwenye kishikio. Usiunganishe mpya bila kukata ya zamani, iliyokufa itainyonya. Chimba polepole, ukipita kina unafika kwenye silikoni na chipu imekwenda.

3DO nayo ina betri ya kitufe. CD32 haina tatizo hili, lakini kilobaiti 1 hujaa baada ya michezo michache. Kilobaiti 32 za 3DO ni anasa kwa kulinganisha.

Deki iko sawa kama umehifadhi kitu, umechomoa plagi usiku kucha, na asubuhi kipo.

## Hatua ya 6: Umeme na rangi

Tanzania na Kenya hutumia umeme wa volti 230 hadi 240 na televisheni za PAL. Deki ya Marekani ni volti 120 na NTSC. Ya Japani ni volti 100 na NTSC. CDI 910 ni ya Marekani; mtu akikuambia ni ya Ulaya, omba picha ya kibao cha nyuma.

Umeme. Soma volti na wati kwenye kibao hicho. Transfoma iwe na wati angalau mara mbili ya zilizoandikwa. Kwa deki ya Japani tafuta yenye tundu la volti 100, maana ile ya 110 huipasha joto bila sababu. Pima tundu kwa multimita kabla ya kuchomeka deki. Ukichomeka deki ya volti 100 moja kwa moja ukutani hutapata nafasi ya pili.

CD32 ina transfoma ya nje inayotoa volti 5 na 12 kwa pamoja. Isipokuwepo, usibahatishe kwa chaja nyingine yenye plagi inayofanana.

Rangi. Televisheni nyingi bapa za leo hupokea PAL na NTSC kupitia tundu la njano. Televisheni ya zamani ya PAL pekee itaonyesha NTSC bila rangi, au picha itakuwa inapanda juu mfululizo. Kubadilisha waya hakusaidii.

Baadhi ya deki za Ulaya zina tundu la skati (SCART), na 3DO FZ-1 na CD32 zina S-video. Picha yake ni safi kuliko ya waya wa njano, lakini televisheni nyingi mpya zimeondoa tundu hizo. Usilipie zaidi kwa tundu ambalo televisheni yako haina.

Kwa jambo moja 3DO huwapa raha wanunuzi wa mbali: haifungi diski kwa eneo, na haina kinga dhidi ya diski za kuchoma.

## Hatua ya 7: Vitu vidogo visivyopatikana

Orodhesha vilivyomo kwenye mzigo kabla ya kukubaliana bei.

CDTV bila kasha la plastiki haiwezi kumeza diski hata moja. Rimoti yake ni ya infraredi na ndiyo kiongozi chake kikuu, yaani kifaa cha mkononi cha kuiendeshea. Ikikosekana, bei ishuke sana.

CD-i hutumia plagi ndogo ya mviringo ya miguu 8 kwa viongozi vya waya. Rimoti zake zenye kijiti cha kidole gumba huchakaa: kishale kinatambaa chenyewe au hakiendi upande mmoja.

3DO ina tundu moja tu mbele. Kiongozi cha pili huchomekwa kwenye cha kwanza, cha tatu kwenye cha pili, hadi vinane. Tundu la kiongozi cha kwanza likiwa bovu, wachezaji wengine wote wamekatika. Lijaribu.

## Hatua ya 8: Pima kisomaji kwa mkono

Usimwombe muuzaji akuonyeshe taa inayowaka. Omba video au fanya mwenyewe mfululizo huu:

1. Fungua na funga trei mara tano. Ikisita au ikitoa mlio bila kutembea, mkanda wa mpira umelegea au umeyeyuka kuwa kama lami. Mkanda ni rahisi kubadilisha. Safisha kwanza lami ya zamani kwenye puli kwa spiriti. CDI 450 na FZ-10 hufunguka juu na hazina tatizo hili, na hiyo ni sababu halali ya kuzichagua.
2. Cheza wimbo wa kwanza wa CD ya muziki. Hesabu sekunde kutoka kufunga hadi sauti.
3. Ruka hadi wimbo wa mwisho. Diski husomwa kutoka ndani kwenda nje, kwa hiyo wimbo wa mwisho ndio unaojaribu reli ya leza. Wa kwanza ukicheza na wa mwisho ukigoma, tatizo liko kwenye grisi iliyokauka au gia, si leza.
4. Cheza diski ya data kwa dakika 20. Leza dhaifu huanza vizuri na kuchoka ikipata joto.
5. Mwisho jaribu diski ya kuchoma. Diski ya kiwandani hurudisha asilimia 70 ya mwanga au zaidi, ya kuchoma iko karibu na hapo au chini kidogo, na ya kufutika haifiki hata theluthi. Deki hizi hazikutengenezwa kwa diski za kufutika. Zikigoma, ni haki yao.

Ukisafisha lenzi, chomoa plagi kwanza na usubiri dakika kadhaa, maana sehemu ya umeme ndani ya deki hubaki na chaji. Gusa lenzi kwa pamba yenye unyevu kidogo, mzunguko mmoja, bila kukandamiza. Usichungulie lenzi deki ikiwa inawaka. Mwanga wa leza hiyo jicho hauuoni lakini huliumiza.

Usizungushe skrubu ndogo pembeni ya leza ili kuiongezea nguvu. Itasoma kwa wiki chache, kisha itakufa.

Kwa CD32, nusa ndani ukiweza. Harufu ya samaki na sauti hafifu yenye mkwaruzo ni kapasita zinazovuja, na majimaji yake hula ubao kila siku deki inapokaa.

## Hatua ya 9: Chagua

Diski zako nyingi zikiwa VCD au za CD-i, chukua CD-i yenye kadi ndani, na tenga pesa ya chipu ya betri hata kama muuzaji anaapa ni mpya. Zikiwa michezo, na hujali familia gani, 3DO ndiyo yenye vyuma vyenye nguvu zaidi hapa. FZ-1 kama unataka kipande cha VCD, FZ-10 kama unaogopa trei. Zikiwa za Amiga, CD32, na uulize kwanza kama kapasita zimebadilishwa. CDTV ni ya mkusanyaji. Ni nzuri kuitazama, nyeusi kama deki ya muziki ya heshima, lakini karibu kila iwezalo CD32 huliweza kwa nafuu.

## Ikigoma baada ya kufika

Diski inazunguka, inasimama, inazunguka tena. Lenzi chafu au leza imechoka. Safisha, rudia Hatua ya 8 kuanzia namba 2.

CD ya muziki inacheza, diski ya CD-i haitambuliwi. Jaribu diski nyingine ya CD-i kabla ya kulaumu deki. Zikigoma zote, rudi kwenye chipu ya betri.

Filamu ina sauti bila picha. Kadi ya video haijakaa sawa. Zima, chomoa, itoe, safisha meno yake ya shaba kwa spiriti, rudisha hadi ikae kabisa.

Kila kitu kinafanya kazi ila picha imekatwa juu na chini. Diski imetengenezwa kwa PAL na deki ni NTSC. Mistari 280 haiingii kwenye 240, na hakuna kitufe cha kurekebisha.